Milango ya Mwalimu Damari

Mwalimu Damari alifariki Jumapili, watu wakiwa kanisani, na nadhani hata hilo alilipanga, maana maisha yake yote hakupenda kumsumbua mtu mwenye shughuli. Habari aliniletea binti yangu Kalunde, kwa simu kutoka Nzega. Kalunde akikupigia simu, vuta kigoda ukae: ataanza na bei ya nyanya, aje kwa wajukuu, apitie kwa jirani yake aliyenunua pikipiki asiyojua kuiendesha, na mimi nitakuwa nimechambua mchele sinia nzima kabla hajafika alikokuwa anakwenda. Siku hiyo alisema tu, "Mama, Mwalimu Damari hatunaye," akanyamaza. Nikashika simu nikimsikia anapumua. Nikajua ni kweli, kwa sababu ukimya wa Kalunde naujua. Niliishi nao chumba kimoja, na tangu mwaka ule ninaotaka kuusimulia haukurudi tena nyumbani kwangu.

Mwaka ule tulipanga Isevya, mjini Tabora, mimi na Baba Kalunde, kwenye nyumba ya korido katikati, vyumba huku na huku, na uani jiko la wote na choo cha wote. Mume wangu alifanya kazi kwenye treni. Leo yuko Kigoma, kesho Mwanza, na akirudi anakula bila kuniangalia usoni halafu analala kama gogo. Chumba chetu kilikuwa na kitanda, meza moja iliyobeba kila kitu tulichokuwa nacho, jamvi, na pazia la kitenge mlangoni lenye picha za tausi. Chumba kilichotazamana na chetu alikaa Mwalimu Damari, Mmoravian, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, aliyefundisha chekechea kwenye ukumbi wa kanisa. Mimi ni Mkatoliki. Jumapili tulitoka pamoja mpaka njia panda, tukaachana, na mchana tukikutana jikoni kila mmoja alimwuliza mwenzake mahubiri ya leo yalikuwa marefu kiasi gani. Aliyesikiliza marefu zaidi alipewa kiti. Nilikuwa binti mdogo, mama wa mtoto mmoja, na kati ya watu wote niliokutana nao baadaye katika miaka yangu ya ualimu, wenye vyeti na wasio navyo, sijaona aliyejua kukaa na mtoto kama yule mama.

Shida yangu ilikuwa Kalunde. Alikuwa na miaka mitatu na hajasema neno. Si mama, si baba, si maji. Kusikia alisikia: ukifungua mkebe wa sukari uani, anatoka chumbani mbio. Alicheka, alilia, alinivuta kanga mpaka kwenye mtungi akitaka maji. Lakini neno, hakuna. Daktari alimchungulia kinywani, akampigia kengele nyuma ya sikio, akasema ulimi mzima, masikio mazima, tusubiri. Kusubiri! Nyumba ya kupanga haijui kusubiri. Kila aliyepita koridoni aliinama mbele ya mtoto wangu kama anayemhoji mwizi: "Sema shikamoo! Sema, tukupe pipi!" Na Krismasi, tulipokwenda Bukene kwa mama mkwe, yule mama alimpakata mjukuu wake, akamfungua kinywa kwa kidole, akatazama chini ya ulimi, akatikisa kichwa. "Kuna kamba hapa imemfunga," alisema. "Yuko mama mmoja hapa Bukene anaikata kwa wembe. Mara moja tu, damu kidogo, mtoto anasema. Mavuno yakiisha nitakuja Tabora kumchukua." Nilimtazama mume wangu. Mume wangu alitazama chini. Hakuwa mtu wa kumbishia mama yake, na mimi sikuwa na ubavu wa kubishana na mama mkwe mbele ya ukoo mzima. Nilirudi na treni nimemkumbatia mtoto, na wembe ule nikaanza kuuota mchana kweupe. Niliogopa, jamani. Nilikuwa nikipika naogopa, nikifua naogopa.

Kitabu kilikuja mwezi uliofuata. Abiria walikisahau chini ya kiti cha daraja la pili, kikakaa ofisini stesheni, hakikuulizwa, mwishowe Baba Kalunde akaruhusiwa kukichukua. Kilikuwa kitabu cha mtoto mchanga, kurasa nene kama ubao wa kukatia vitunguu, kimeandikwa lugha ambayo hakuna aliyeijua katika nyumba nzima. Kiingereza hakikuwa, maana Kiingereza cha kubabaisha nilikuwa nacho. Kila ukurasa ulikuwa na nyumba, na kila nyumba ilikuwa na kimlango cha karatasi kilichofunguka kweli. Ukikiinua, nyuma yake yuko mnyama. Wengine tuliwajua, paka, bata. Mmoja alikuwa mdogo mwenye miiba, ambaye Mwalimu Damari alisema ni nungunungu aliyekosa malezi. Juu ya mapaa kulikuwa na kitu cheupe, na watoto wa uani walikubaliana kwamba ni unga, kwa hiyo huko wanakotoka vitabu hivi watu ni matajiri mno. Kalunde alikaa nacho kwenye jamvi. Fungua, funga. Fungua, funga. Mchana kutwa, midomo imebana, macho yanang'aa. Mwalimu Damari alikuja kuomba chumvi, akasimama kwenye pazia, akasahau chumvi.

"Mama Kalunde," akaniambia taratibu, "umeona? Hiki kitabu kinamngoja."

"Kinamngojaje, Mwalimu?"

"Vile vyangu vya ukumbini vinasema vyenyewe, mwanzo mpaka mwisho, mtoto kazi yake kufunga mikono asikilize. Hiki kimenyamaza mpaka yeye aamue." Akachuchumaa, akamtazama Kalunde bila kumgusa. Hakumwambia sema. Alikuwa mtu mzima wa kwanza katika nyumba ile kumchuchumalia mtoto wangu bila kumwambia sema.

Baada ya siku chache alikiazima, akakaa nacho uani, akakikunjua na kukikunja kama fundi saa. Kisha akasema tutatengeneza vyetu. Hakuuliza kama nataka. Alikuwa ameniona nikichora kwa mkaa ukutani mwa jiko kumtuliza mtoto, akaamua kwamba mimi ni mchoraji, na mtu akikuamulia jambo kwa sauti ya chini vile huna pa kukimbilia. Maboksi ya sabuni tulipata dukani kwa Bwana Ramji, mwenye vitambaa, mzaliwa wa Tabora kama sisi, na kwa maneno ya mjini alitushinda wote. Alitupa pia kadi za zamani za sampuli, vipande vya mahameli, kaki na hariri vilivyobandikwa mistari kwa mistari. Mwalimu alivipapasa kimoja kimoja kwa kidole gumba macho amefumba, akasema, "Hiki kifaranga. Hiki sikio la ng'ombe." Bwana Ramji akacheka: "Mwalimu, mimi nauza gauni, wewe unaondoka na kuku!" Lakini kila alipopata kadi mpya, zile kuukuu alituwekea chini ya meza.

Kazi ilifanyika mchana, chekechea ikishafungwa, juu ya mkeka kati ya jiko na choo. Gundi ilikuwa uji wa muhogo. Milango tuliishonea bawaba za kanga kuukuu, kwa sababu boksi likikunjwa kila siku linakatika, na Mwalimu alisema karatasi huchoka lakini kanga haichoki. Nilichora milango tuliyoijua. Mlango wa banda la kuku, ukiufungua kuna kifaranga cha mahameli. Mfuniko wa chungu, ndani mlenda. Kifuniko cha mzinga, ndani nyuki, na chini yao kamba ambayo mtoto akiivuta nyuki wanatikisika. Mlango wa behewa, ndani Baba Kalunde anapunga mkono, kofia imekaa upande. Na mlango wa choo cha uani, ambao Mwalimu, mama wa kanisa yule, alisisitiza uwemo. Nyuma yake nilichora mzee amechutama, amekasirika, na Mwalimu alikuwa akimsemea kwa sauti nene: "Ehem! Kuna mtu!" Loo! Watoto walianguka chini kwa kicheko, kila siku, kana kwamba hawajawahi kumwona.

Kulikuwa na shida moja. Mtoto wa miaka miwili, Mwalimu alisema, anasoma kwa meno. Kurasa zililowa mate zikalegea kama chapati. Basi tukanunua nta sokoni kwa wauza asali, tukaiyeyusha jikoni, tukazipaka kurasa, zikang'aa, ukipangusa mate yanatoka. Tulijiona tumemaliza elimu yote ya dunia. Ila nta ya haraka haraka haikuoshwa vizuri, asali ilibaki humo, na asubuhi tulipofungua ukumbi tulikuta sisimizi wamepanga mstari kutoka dirishani mpaka rafuni, wamejaa vitabu vyote, wameingia kila mlango. Niliketi chini nikataka kulia. Mwalimu alisimama akatazama, mkono kiunoni. "Angalau wamepatikana waliosoma mpaka mwisho," akasema, akachukua ufagio. Jioni alinionyesha namna ya kuchemsha nta na maji mengi, kuchuja, kuchemsha tena, bila kuniambia hata mara moja kwamba wazo la kuharakisha lilikuwa langu.

Mwezi wa tatu mama mkwe alikuja mjini harusini, akakaa kwetu juma zima. Alikuja na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kikapu tele, na asali kwenye dumu. Asubuhi ya kwanza, tumeshasalimiana shikamoo na marahaba, tumeshakunywa chai, Kalunde akamletea bibi yake kitabu. Akakiweka kwenye mapaja yake, akaanza kazi yake. Fungua, funga. Banda, chungu, mzinga, behewa. Nilitabasamu nikisubiri kusifiwa. Mama mkwe aliangalia mpaka mwisho, kisha akaniuliza polepole, "Mkwe wangu, hiki nani katengeneza?"

"Sisi, mama. Mimi na Mwalimu."

"Mnamfundisha mtoto wizi."

Mwalimu Damari alikuwa kwenye mlango wake hapo mbele, mkasi mkononi, akasikia yote. Mama mkwe hakushusha sauti. "Mtoto anafungua milango ya watu hana hodi wala nini! Anaingia kwa kuku, anafunua chungu cha watu, mpaka chooni kwa mzee wa watu! Babu yangu mimi alibeba mizigo kwenda pwani, kwa miguu, huko kwote ni kulala kwa watu. Alitwambia, njia nzima ile, aliyepiga hodi alipewa maji, na aliyeingia tu alipewa rungu. Nyie na usomi wenu mmechukua kitabu cha watu wasiopiga hodi mkakiiga kama kilivyo."

Mwalimu Damari aliweka mkasi chini. Nilidhani amekasirika. Kumbe uso wote ulikuwa umefunguka, na akavuka korido akaja akasimama nje ya pazia letu. "Hodi, mama," akasema.

"Karibu."

Akaingia akapiga magoti mbele ya mama mkwe kama binti wa kwao. "Mama, umesema kweli tupu. Naomba nifundishe. Mlango huu wa kuku, tufanyeje?" Na mama mkwe, ambaye alikuwa amejiandaa kwa ugomvi na sasa hakuwa na wa kugombana naye, akajikuta amekamata mkono mdogo wa Kalunde, amekunja ngumi yake, anagonga nayo kwenye mlango wa boksi: ko, ko, ko. "Hodi!" akasema kwa niaba ya mtoto. Kisha akageuza sauti, akawa kuku: "Kaaaribu!" Ndipo akafungua. Kwa mlenda alikaribisha kwa sauti nzito ya kuteleza. Kwa nyuki alikaribisha kwa sauti ya puani. Kwa mwanawe kwenye behewa alikaribisha kwa sauti ya mtu aliyechoka na safari, na hapo nikacheka mpaka nikashika ukuta, maana alimpatia barabara. Alikuwa na karibu ya kila mtu. Juma lile lote mama mkwe alikaa kwenye jamvi anakaribisha, na watoto wa uani walipanga foleni kuja kukaribishwa.

Toka siku hiyo ikawa sheria ya vitabu vyetu vyote, nyumbani na ukumbini: mlango haufunguliwi bila hodi, na mwenye nyumba asipokaribisha, hauinuliwi. Nimeona vitabu vingi vya namna hii miaka ya karibuni, wajukuu wananiletea, vingine vina betri na vinalia kama gari la wagonjwa, na vyote vinafunguliwa hovyo tu. Ninavipenda, sitasema uongo. Lakini kile cha hodi ni kitabu cha watu wawili, huwezi kukicheza peke yako, na Mwalimu aliliona hilo papo hapo, akiwa amepiga magoti.

Siku ya kuondoka mama mkwe alinibusu shavu, akampakata Kalunde, akamwita "mke mwenzangu", ule utani wa bibi na mjukuu, akamchungulia tena kinywani. "Kitabu kizuri," akaniambia. "Lakini kamba iko pale pale. Mavuno yakiisha nakuja." Nilimsindikiza stesheni. Aliporudi Bukene nilianza wazimu. Nilikaa na Kalunde na kitabu, akagonga kwa kingumi chake, ko, ko, nikakiziba kimlango kwa kiganja. "Sema hodi. Sema hodi, mama, nifungue." Aligonga tena. "Sema kwanza." Machozi yakamjaa, midomo ikabana zaidi. Mwalimu Damari alipiga hodi, akaingia, akauondoa mkono wangu juu ya kitabu, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Amegonga," akasema. "Mkaribishe."

"Lakini sheria, Mwalimu!"

"Kugonga ni hodi. Mama Kalunde, huyu mtoto si redio, huwezi kumzungusha sikio akasema. Kazi yako ni kukaribisha. Kaa ukaribishe tu."

"Na wembe je? Nao niukaribishe?"

Alikaa kando yangu kwenye jamvi na akamfungulia mtoto mlango wa mzinga. Naambiwa kawia ufike, lakini anayekawia akiwa mwanao, hiyo methali inauma.

Ndipo Mwalimu akatengeneza kitabu cha safari. Nadhani alikitengeneza kwa ajili yangu kuliko kwa ajili ya mtoto, nipate kazi ya mikono. Kilikuwa boksi refu lililounganishwa kwa kanga, linakunjwa hivi na hivi mpaka linatosha kwapani, na ukilikunjua linalala kutoka mlango wetu hadi karibu na uani. Ni njia ya babu yake mama mkwe. Mwanzo kuna mpagazi na mzigo, na mzigo unafunguka, ndani asali na nta. Kisha nyumba baada ya nyumba, Tabora, Ugogo kwa ng'ombe wenye masikio ya kaki, milima, mto wa hariri ya bluu, mpaka pwani kwenye nyumba ya mwisho. Kwenye kila nyumba mpagazi anagonga, na nyuma ya mlango yuko mtu na kata ya maji. Kalunde alisafiri njia ile kwa magoti, kila siku, akigonga, na mimi na Mwalimu tukikaribisha kila mmoja upande wake wa korido, mikono yetu imejaa unga wa ugali. Wapangaji walijifunza kuruka njia. Wengine wakipita na ndoo wakakuta ameinua ngumi, walijibu wenyewe, "Karibu, mama, karibu," wakaendelea na safari zao za chooni. Kwa miezi ile sidhani kama kulikuwa na mtoto Tabora nzima aliyekaribishwa kuliko wangu.

Mavuno yakaisha. Baba Kalunde akaja na ujumbe: mama anakuja Alhamisi, mfungie mtoto nguo. Alisema hayo akiwa ananawa mikono, akaniachia sabuni, akaondoka na zamu ya Kigoma. Alhamisi nilimvika Kalunde gauni, nikafunga kifurushi, nikakifungua, nikakifunga. Mchana nilikuwa uani napika mlenda. Kutoka jikoni niliona korido yote. Mwalimu Damari alikuwa chumbani kwake mlango wazi, anakata maboksi. Kalunde alikuwa chumbani kwetu peke yake, nyuma ya pazia la tausi, na kitabu chake. Nikamwona mama mkwe anaingia kutoka barazani na kikapu kichwani, kanga mpya, amechoka, anasimama mbele ya pazia. Hajawahi hata siku moja kuingia chumbani kwa mwanawe bila kukaribishwa, hata pazia likiwa limepeperuka na anaiona miguu yangu.

"Hodi humu!"

Nilifungua kinywa nimjibu, na sauti ikakataa. Wazo likanijia, la kijinga kabisa: nisipomkaribisha, hawezi kuingia. Asipoingia, hawezi kumchukua. Mwalimu Damari aliinua kichwa, akanitazama kule jikoni, akisubiri. Nikatikisa kichwa. Akaelewa, na akabana midomo, kwa sababu mlango haukuwa wake.

"Hodi wenyewe!"

Mlenda ulianza kuchemka ukamwagikia mkaa. Sikuugusa. Watu hupiga hodi tatu, na ya tatu ikikosa jibu huondoka. Ataondoka aende wapi, mama wa watu, na kikapu chake cha matobolwa? Sikujali. Nilisimama na mwiko mkononi, bubu kuliko mwanangu. Mama mkwe alishusha kikapu, akajifuta uso na upindo wa kanga, akasema ya tatu kwa sauti ndogo, ya mtu anayejua hakuna mtu.

"Hodi."

"Kaaaibu," ikajibu sauti nyuma ya pazia.

Sikuijua ile sauti. Ilikuwa nzito kidogo, ya kukwaruza, kama bawaba ya mlango wa zamani. Mama mkwe hakuinua pazia. Alisimama vile vile, mkono hewani, akageuka akamtazama Mwalimu Damari, na Mwalimu akafunika mdomo kwa mkono wenye mkasi. Mama mkwe akageukia tena pazia.

"Hodi?"

"Kaaaibu."

"Hodi, mke mwenzangu?"

"Kaaaibu ndani!"

Na ile "kaa" ndefu ilikuwa ya kuku. Ilikuwa ya mama mkwe mwenyewe, alivyoifanya mwezi wa tatu kwenye jamvi, na aliitambua. Akaketi sakafuni pale pale koridoni, na kanga yake mpya, akalia kwa Kinyamwezi chote alichokuwa nacho. Kalunde akatoa kichwa chini ya tausi, akamshangaa mgeni aliyekaribishwa na haingii. Mimi nilikimbia, na mwiko, nikawapitia wote nikampakata mtoto wangu nikamlilia nywele. Mlenda uliungua ukanuka mpaka nyumba ya tatu, na hakuna mpangaji aliyelalamika.

Tulikula ugali na matobolwa. Hakuna aliyetaja wembe mpaka mama mkwe alipomaliza kunawa. Akatazama maji yakimdondoka vidoleni, akasema, kwa Mwalimu si kwangu, "Ulimi unaokaribisha wageni haukatwi." Basi, yakaishia hapo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, watu husema, na mimi mwenyeji nilipona kweli. Mama mkwe alitaka kwenda Bukene na kitabu cha safari, Kalunde akakikalia. Ikabidi tumtengenezee chake. Neno la pili la binti yangu, ili msidhani mambo yalikuwa matakatifu, lilikuja siku iliyofuata, nilipogonga mlango wa choo na mama mmoja jirani yumo ndani. Kalunde akiwa mgongoni kwangu akamjibia kwa sauti nene: "Kuna mtu!" Na tangu hapo hajanyamaza.

Mwezi wa kwanza uliofuata Mwalimu alinichukua ukumbini nikaanza kufundisha naye, na nilifundisha mpaka nikastaafu. Vitabu tulitengeneza visivyo na idadi, na yeye aliendelea hata macho yalipofifia, akipapasa bawaba kwa kidole gumba. Watu wakimsifu alisema wazo la hodi ni la mama wa Bukene, la nta ni la nyuki, na kuchora ni kwa Mama Kalunde. Ukimwuliza yeye alifanya nini, alifikiri kidogo, akasema, "Mimi nilikuwa nakaribisha."

Jumatatu tulikwenda msibani, mimi na Kalunde aliyefika na basi la asubuhi. Nyumba ya Mwalimu, aliyohamia baadaye kule Kiloleni, ilijaa, wanaume nje kwenye maturubai, wanawake ndani mikekani. Wakaniomba mimi, kama ndugu, niingie chumbani kwake nitoe kanga zake nzuri za kumfunika. Mlango ulikuwa umefungwa. Nilikunja ngumi nikagonga kabla sijajua ninafanya nini. "Hodi, Mwalimu," nikasema. Nikasubiri. Nikagonga tena. Kalunde akanishika bega. "Mama, ingia tu," akaninong'oneza. Sikuweza. Miaka yote ile sijawahi kufungua mlango wa yule mama bila sauti yake, na mkono wangu haukukubali. Nikagonga ya tatu, wanawake wakageuka kunitazama, na machozi yananishuka.

Chini, karibu na miguu yangu, alikaa kitukuu cha dada yake Mwalimu, mtoto wa miaka miwili hivi, uchi kuanzia kiunoni, amelaza mbele yake kitabu kimoja cha zamani chenye bawaba za kanga zilizopauka. Aliniangalia juu kwa muda, amekereka, kama mtu anayeona mchezo wake unaharibiwa na mtu mzima asiyejua zamu.

"Kaibu," akaniambia.

Nikafungua mlango, nikaingia.